Juu ya Neno "Kufufua" katika Habari za Mashamba ya Mpunga

Iko aina moja ya habari ambayo wahakiki wetu hawajaigusa, yamkini kwa sababu haijapata kuitwa fasihi. Huandikwa magazetini, husomwa katika hotuba za sherehe, na huhifadhiwa katika taarifa za ofisi. Na kila mahali umbo lake ni lile lile. Hapo kwanza palikuwa na mbuga tupu. Yakaja maarifa na fedha, mto ukazuiwa, mifereji ikachimbwa, likazaliwa shamba kubwa lenye kunyweshwa maji. Kisha pakaingia uzembe; shamba likafa, matete yakaota mahali pa mpunga, na matrekta yakasimama yakiliwa na kutu. Mwisho akatokea mtu, au kampuni, au bodi, naye akalifufua. Habari ina mwanzo, ina msiba, ina shujaa, na ina heri ya mwisho. Ikiwa hizi si sehemu za hadithi, sijui hadithi ina sehemu zipi.

Kusudi langu katika makala haya ni kuichunguza hadithi hiyo kama tunavyochunguza hadithi nyingine yo yote, yaani kwa kuyatazama maneno yake, nani amepewa kusema na kutenda, na nani amenyimwa. Nitatumia mahali patatu: bonde la Usangu katika Tanzania, na katika Kenya mashamba ya Mwea na ya Hola. Mimi si mwanachuo wa kilimo. Ila nililelewa penye majaruba, na utoto wangu mwingi niliupoteza juu ya dungu nikiamia ndege. Basi msomaji atanisamehe nikikaa kidogo katika matope.

Nianze na neno lenyewe. Kufufua ni kumrudishia uhai aliyekufa. Katika dini zetu tendo hilo halikuwekwa mikononi mwa mwanadamu ila kwa muujiza, na ndiyo maana likitumiwa kwa shamba huwa na kishindo. Lakini tazama linavyozigawa pande mbili za tendo. Mfufuaji ana nguvu zote, mfu hana hata chembe. Mfu hasaidii kufufuliwa kwake, hashauriwi, wala haulizwi alikuwa akifanya nini kaburini. Basi ikisemwa kwamba shamba limefufuliwa, yote yaliyokuwa yakitendeka humo kabla ya kuja mfufuaji yamekwisha kuhesabiwa kuwa ni mauti.

Mwenzi wa neno hilo ni kutelekeza. Hili katika matumizi ya watu lina aibu ndani yake. Mume humtelekeza mkewe, baba huwatelekeza wanawe. Haliwezi kusemwa kwa haki bila ya kumtafuta mtu aliyeondoka. Lakini katika habari zetu hutiwa katika kauli ya kutendwa, na ile "na" ya kumtaja mtenda ikaachwa. Nitatunga mfano mwenyewe, nisije nikamwonea mwandishi ye yote: "Shamba lilitelekezwa. Mifereji ilijaa tope. Mitambo iliharibika." Sentensi tatu, na ndani yake hamna mtu hata mmoja. Ya tatu ndiyo yenye ujanja zaidi. Kiswahili kina kutendwa na kina kutendeka. Ukisema mitambo iliharibiwa, mlango umebaki wazi, na msikilizaji mwenye haki yake aweza kuuliza, na nani? Ukisema iliharibika, umeufunga mlango. Imeharibika kama embe linavyooza, kwa kufuata siku zake. Sasa soma sehemu ya pili ya hadithi: "Mwekezaji alinunua matrekta, alizibua mifereji, aliajiri vibarua." Kauli ya kutenda imerudi kwa ghafla, nayo imekuja na mtu mmoja tu. Sarufi imekwisha kukata hukumu kabla ushahidi haujasikilizwa. Nami naongeza kwa pembeni kwamba hata hilo la kuzibua mifereji si kweli, maana mwekezaji hakushika sepetu.

Tuipime hadithi hiyo kwa Usangu. Bonde hilo, katika mkoa wa Mbeya, limepakana na milima yenye kutoa mito mingi, nayo hukutana katika Ruaha Mkuu. Wasemao kwamba palikuwa mbuga tupu husahau kwamba wakulima wa huko, na Wabaluchi waliohamia miongoni mwao, walikuwa wakiongoza maji ya mito kwa mifereji ya mikono na kulima mpunga miaka mingi kabla ya shamba lo lote la serikali. Shamba la Mbarali lilijengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, hekta zipatazo 3,200, likawa mali ya shirika la umma la kilimo na chakula, NAFCO. La Kapunga lilifuata mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mashamba yote mawili yaliuzwa kwa makampuni ya watu binafsi mwaka 2006.

Kati ya kustawi na kuuzwa iko miaka ambayo hadithi huiita ya mauti. Sipendi kuipamba. Fedha za shirika zilipungua, vipuri vikakosekana, sehemu za mifereji zikaota magugu, na hapana shaka iko mali ya umma iliyotumiwa vibaya. Lakini miaka hiyo hiyo shirika lilianza kuwakodisha wakulima wadogo sehemu za shamba, nao wakalima. Walivuruga matope, wakapandikiza miche, wakavuna, wakauza. Mchele ule uliingia sokoni na ukapikwa wali. Katika hesabu ya shirika shamba lilikuwa linakufa. Katika hesabu ya mama aliyekodi jaruba mbili, ndipo lilipoanza kuwa na faida kwake. Ni lini basi lilikufa? Shirika lilikuwa maututi, hilo nakubali. Kosa la hadithi ni kumchukua mwenye shamba na kumwita shamba, na ugonjwa wa mmoja ukaandikwa katika cheti cha mwingine.

Wala si kosa la maneno matupu. Mahali palipotangazwa kuwa mahame, mtu anayeonekana akilima hapo huhitaji jina jipya. Jana aliitwa mkulima, au mpangaji; baada ya kuuzwa shamba huitwa mvamizi. Kapunga inatuonyesha jambo hili katika sura ya wazi kabisa, kwa kuwa ardhi iliyouzwa ilihesabiwa kuwa hekta 7,370, na ndani yake zilikuwamo hekta 1,870 za kijiji. Watu waliolala wakiwa wanakijiji waliamka wakiwa wavamizi bila ya kuhama hata hatua moja. Ilichukua miaka ya malalamiko hata kosa hilo likakubaliwa na serikali. Mtu aweza kusema ni kosa la mpimaji. Nami nasema kosa la mpimaji lilipata kimbilio katika lugha ambayo ilikwisha kuzoea kuona shamba kubwa na kutoona watu pembezoni mwake.

Lakini kosa kubwa zaidi la neno kufufua, kwa maoni yangu, halimo katika mfu wala katika mfufuaji, bali limo katika wakati wa kitenzi. Kufufua hutokea mara moja. Lazaro hakufufuliwa kila mwaka. Hadithi yote husimuliwa kwa -li-: lilijengwa, lilikufa, lilifufuliwa, na siku ya kufufuliwa hukatwa utepe. Shamba la maji halina siku kama hiyo. Kiswahili kimetupa kiambishi cha mambo yarudiayo, nacho ni hu-, na mtu atakaye kusema kweli juu ya shamba la mpunga hawezi kusema sana bila ya hicho.

Maji hushuka na mchanga. Mchanga hutua mahali mkondo unapopunguza mbio, na aghalabu ni nyuma ya banio na katika vichwa vya mifereji. Mfereji hupungua kina. Maji hufurika pembeni kabla ya kufika mbali. Mwenye jaruba la kwanza hushiba na mwenye jaruba la mwisho hukosa. Kisha mwenye jaruba la mwisho huja usiku kuutoboa ukingo, na asubuhi huwa na ugomvi ambao taarifa ya ofisi huuandika kuwa ni wizi wa maji. Dawa yake si mashine kubwa peke yake, bali ni watu kuingia mferejini kwa masepetu kabla ya msimu, kila msimu, na kupangiana zamu ambayo wa mwisho anaiamini.

Jaruba nalo husawazishwa. Likiwa na mwinamo wa shibiri moja tu, miche ya upande mmoja huzama na ya upande mwingine hukaukiwa, na magugu huchagua pale pakavu. Katika magugu hayo yumo adui ambaye mtu wa mjini hawezi kumjua, nao ni mpunga mwitu. Ukiwa mchanga hufanana na mpunga wa kupandwa hata mpalizi mzoefu husitasita. Ukikomaa huzimwaga punje zake kabla ya mavuno, kwa hiyo huwa umekwisha kujipanda wenyewe wakati mkulima anaponoa mundu. Tena una shina lenye kutambaa chini ya ardhi. Trekta likipita hulikatakata vipande, na vipande huchipua. Hapa pana kinaya ambacho mtunzi wa riwaya angekionea fahari: shujaa anaingia shambani na matrekta mapya, picha inapigwa, na nyuma ya jembe la trekta adui anapandwa upya. Mpunga mwitu hushindwa kwa kung'olewa, kwa kukaushwa wakati wake, kwa mbegu safi, na kwa kurudia tena. Ndege kadhalika. Kwelea-kwelea hawajui kwamba shamba limefufuliwa. Huja mpunga ukianza kutia maziwa, na lazima mtu awe macho kabla ya jua.

Ukitaka basi kujua kama shamba limegeuka kutoka katika hali mbaya kuingia katika hali njema, kuhesabu matrekta hakutoshi. Uliza nani huzibua, mwezi gani, kwa malipo gani, na asipozibua huulizwa na nani. Majibu yake hayapendezi kusomwa katika sherehe, na ndiyo sababu hayaandikwi. Nimezisoma habari nyingi za aina hii, na ni nadra mno kuona humo jina la kazi ya mtu anayefungua na kufunga milango ya maji, ijapokuwa shamba zima limo mkononi mwake kuliko mkononi mwa meneja.

Liko na jambo la maji yarudiayo. Katika Usangu maji yatokayo katika mashamba makubwa, yale ambayo mhandisi huyaita yamepotea, huteremka kwenye majaruba ya wakulima wadogo walio chini, nao huyatumia. Wamejenga maisha yao juu ya uvujaji. Kampuni ikija na kuziba kila tundu la mfereji kwa saruji, taarifa itasema, na kwa hesabu ya kampuni itakuwa imesema kweli, kwamba maji yameokolewa. Yameokolewa kutoka kwa nani? Neno "kupotea" hapa lina mwenyewe, kama vile "kufa" lilivyokuwa na mwenyewe. Lakini sitaki kumfanya mkulima mdogo malaika, maana shida ya Ruaha Mkuu ni ya wote. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi ya wanyama iliyo chini ya bonde, na waliokunywa juu yake ni mashamba makubwa, mifereji midogo na mifugo pamoja. Mara nyingi lawama hugawanywa kwa ukubwa wa sauti: mfugaji na mkulima mdogo huharibu mazingira, shamba kubwa huzalisha chakula. Tukumbuke kwamba vitenzi hivi viwili huweza kutumiwa kwa tendo moja, nalo ni kuelekeza maji ya mto kwenye mpunga.

Je, kwa nini tunaipenda hadithi ya mtu mmoja? Sidhani kwamba tumeipata kwa wageni tu. Shaaban Robert, katika Utubora Mkulima, kitabu kilichochapishwa baada ya kufa kwake mwaka 1962, alimtoa mtu katika kazi ya ofisi akamtia shambani, na vizazi vya wanafunzi vimemsoma kama kielelezo cha utu. Hadithi ya mwekezaji imerithi kutoka katika mapokeo hayo sura ya mtu mwema ajaye peke yake kuitengeneza ardhi. Haikurithi kilicho bora zaidi, yaani kwamba Utubora aliacha mshahara na kwenda kulima. Nasikitika kuona kwamba katika kusomesha kitabu hicho tumekaza sana wema wa moyo na tumepita upesi juu ya jembe.

Mtu aweza kunijibu kwamba tuitupe hadithi ya shujaa mmoja na tushike ya umma: wakulima wenyewe wakilichukua shamba, litastawi. Ndiyo maana nataka twende Mwea.

Shamba la Mwea, chini ya Mlima Kenya, lilianzishwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na mifereji yake ya mwanzo ilichimbwa kwa kazi ya mahabusu. Hutumia maji ya mito Thiba na Nyamindi yatiririkayo yenyewe bila mashine za kuvuta, na hii ni baraka isiyo ndogo. Waliowekwa humo walipewa ekari nne kila mmoja, si kwa kumiliki bali kwa leseni. Na chini ya sheria ya mwaka 1966 shamba likawa la Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji. Bodi ililima kwa trekta, ilitoa mbegu na mbolea, ilichukua mpunga, ikakata gharama zake, ikalipa kilichosalia. Mpangaji aliruhusiwa kubakiza magunia machache ya chakula. Akiuza mpunga wake mwenyewe kwa mtu mwingine, alikuwa mwizi wa mpunga wake mwenyewe. Kwa miaka mingi Mwea ilisifiwa kuwa mradi uliofaulu kuliko yote ya aina yake katika nchi, na kwa kipimo cha magunia sifa ile ilikuwa ya kweli.

Mwaka 1998 wakulima walikataa kuipelekea Bodi mpunga wao. Katika mapambano ya mwanzoni mwa mwaka 1999 vijana wawili waliuawa kwa risasi. Chama cha ushirika cha wakulima kikalichukua shamba, kikaliendesha mpaka serikali iliporudi kwa mapatano mapya mwaka 2003. Habari za miaka ile zimeandikwa kwa njia mbili. Waliokuwa upande wa Bodi wameandika kwamba shamba lilianguka: mifereji ikajaa, zamu za maji zikavurugika, watu wasio na leseni wakafungua majaruba nje ya mipaka na kuyanywesha kwa maji ya mradi. Waliokuwa upande wa wakulima wameandika kwamba shamba lilikombolewa: mtu akauza mpunga wake kwa bei aipendayo, akajenga nyumba, akasomesha watoto.

Nimezisoma zote mbili nikitarajia kuipenda ya pili, na moyo wangu uko upande wake. Lakini kama mhakiki sina budi kusema kwamba ukombozi nao umesimuliwa kwa -li- kama ufufuo. Siku Bodi ilipoondoka ndiyo siku ya furaha, na baada ya siku hiyo hadithi haina la kusema. Tope halikujua kwamba pamekuwa na ukombozi. Mashine nzito za kuchimbua mifereji mikubwa zilikuwa za Bodi, na ushirika ulipaswa kukusanya ada kwa watu ambao walikuwa wametoka tu kupigana ili wasikatwe. Nani atawapenda viongozi waliowaambia wenzao, tumeshinda, sasa leteni fedha za kuzibua? Hapo ndipo palipokuwa na mambo yenye thamani ya kusimuliwa, na ndipo pande zote mbili zilipoweka kalamu chini.

Hata ile habari ya majaruba ya nje ya mipaka, watu wa huko waliita ya "jua kali", ina nyuso mbili. Katika kitabu cha Bodi ni fujo, na kwa wa mwisho mferejini ni njaa, maana maji yake yamekatwa njiani. Lakini mwanafunzi wa lugha aone kwamba katika miaka ambayo shamba lasemwa lilianguka, eneo lililolimwa mpunga lilipanuka. Mapatano yaliyofuata mwaka 2003 yalizigawa kazi: Bodi ishike mabanio na mifereji mikuu, na vyama vya watumiaji maji washike midogo na kukusanya ada. Hayana shujaa. Ni mapatano ya hu-, na sijaona mtu aliyeyatungia wimbo.

Nimeiweka Hola mwisho kwa sababu hapo neno letu linagusa kaburi la kweli. Shamba la Hola, kando ya mto Tana, lilianzishwa mwaka 1953, nalo pia kwa kazi ya mahabusu. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu waliokataa kufanya kazi walipigwa na walinzi, na watu 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji yaliyoletwa kwa gari la maji. Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Hii ndiyo kauli niliyoanza nayo, ile isiyo na mtenda, ikiwa imefikia mwisho wake. Hawakuuawa, walikufa. Na ikiwa lazima pawe na cha kulaumiwa, basi yalaumiwe maji. Ukweli ulipojulikana, mambo yale yalipelekwa katika Bunge la Uingereza yakaitikisa serikali ya huko, na jina la mahali likabadilishwa kwa muda likawa Galole.

Baada ya uhuru shamba lilitoa pamba. Maji yake yalivutwa kwa mashine, na mwaka 1989 mto Tana, ambao huhamahama katika uwanda wake, uliacha njia yake ya zamani na kuziacha mashine mahali pasipo maji. Majaruba yakarudi kuwa pori la mathenge. Hapa, nakiri, wasemao shamba lilikufa wana haki kuliko mahali pengine po pote, kwa maana mto wenyewe ndio uliotelekeza. Miaka mingi ilipita kabla maji hayajarudishwa na watu wakalima tena, nami nafurahi kwamba wanalima. Lakini nikisoma kwamba Hola imefufuliwa, siwezi kulisoma neno hilo kama nilivyolisoma Mbarali. Ardhi ile inao wafu wake, wana hesabu, na wao hawakufufuliwa. Mwandishi mwenye sikio angetafuta neno jingine. Angesema maji yamerudishwa, na ingetosha.

Huenda nikaambiwa kwamba nawatwika waandishi wa magazeti mzigo wa washairi. Mwandishi wa habari ana saa moja na nafasi ndogo, na meneja ndiye aliyekuja na gari kumchukua. Haya nayajua. Lakini taarifa hizi ndizo zinazosomwa na wagawaji wa ardhi na wakopeshaji wa fedha, na kwa muda wa nusu karne zimefanya kazi kubwa zaidi juu ya maisha ya wakulima kuliko riwaya zetu zote pamoja. Fasihi yenye nguvu kiasi hicho haiwezi kuachwa bila ya kuhakikiwa kwa sababu tu imeandikwa kwa haraka.

Nilipata kuwapa wanafunzi wangu zile sentensi tatu nilizozitunga, nikawaagiza wazitie watenda. Wengi waliandika kwamba shamba lilitelekezwa na serikali, wakadhani wamemaliza. Mmoja, mwenyeji wa Usangu, alikaa na karatasi kwa muda mrefu, na sentensi ya kwanza akaikata kwa kalamu. Ya pili aliiandika hivi: mifereji ilijaa tope kwa kuwa mwaka ule hatukuitwa kuzibua, tukazibua wa kwetu. Nilimwuliza wa kwao ulikuwa upi. Akasema ni ule upokeao maji yatokayo shambani.